Asubuhi ya Pili: Jibu kwa Mwalimu Anayetaka Kuendesha Baiskeli Hadi Butiama

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa kike wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nina umri wa miaka 44. Kila siku ya kazi naendesha baiskeli kilomita sita kwenda na sita kurudi. Mwezi Oktoba nataka kujiunga na msafara wa Twende Butiama, na kupitia safari hiyo nichangishe shilingi milioni tatu za madawati ya shule yangu. Baiskeli yangu ni ya gia, ya matairi manene, niliinunua mtumba. Natumia dawa ya shinikizo la damu. Sijawahi kuzidisha kilomita 40 kwa siku. Je, miezi minane iliyobaki inatosha? Nijiandae vipi, na nichangishe vipi bila kuwachosha watu ambao tayari wamechoshwa na michango?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Miezi minane inatosha, na kwa mtu ambaye tayari anapanda baiskeli kila siku inatosha vizuri. Mimi ni mtaalamu wa tiba ya viungo, na kwa miaka mingi nimefuatana na misafara ya hisani ya baiskeli nikiwa kwenye gari la huduma, nikishughulika na magoti, migongo na michubuko ya watu waliokuja na moyo mkubwa. Nilichokiona humo ni kwamba karibu kila mtu mwenye afya huimaliza siku ya kwanza, kwa sababu shangwe za kuagwa na miguu ambayo haijaguswa na uchovu humbeba hadi jioni. Safari huamuliwa asubuhi ya pili, pale mtu anapoinua mguu, akavuka fremu, na kuikalia tena siti ileile aliyoshuka jana. Kila nitakachokushauri hapa, hata kuhusu fedha za madawati, ninakipima kwa asubuhi hiyo.

Umechagua safari yenye uzito wake. Msafara huo huelekea Butiama kumuenzi Mwalimu Nyerere, aliyefariki Oktoba 14 mwaka 1999, na njiani waendeshaji hupanda miti, hukabidhi madawati na huambatana na huduma za afya kwa wananchi. Ukitoka Dar es Salaam kwa njia ya kati, kuna karibu kilomita 190 hadi kwenu Morogoro na takriban kilomita 450 hadi Dodoma, ambako utakuwa umepanda kutoka usawa wa bahari hadi zaidi ya mita 1,100. Baada ya hapo bado kuna Singida, Nzega, Shinyanga na Mwanza, kisha barabara ya kandokando ya ziwa kupitia Bunda. Kipande hicho cha mwisho Mwalimu mwenyewe alikitembea kwa miguu mwaka 1967, akitoka Butiama kwenda Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Nimewaona watu waliochoka kabisa wakinyooka mgongo walipokumbushwa jambo hilo. Waulize waandaaji mapema njia ya mwaka huu na urefu wa kila siku, kwa sababu maandalizi yako yatategemea zaidi urefu wa siku moja moja kuliko jumla ya kilomita zote.

Kabla ya kuongeza hata kilomita moja, nenda kwa daktari anayekuandikia dawa na umweleze waziwazi unachokusudia. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu hufanya kazi kwa kuongeza mkojo, na mtu anayezitumia huku akitoka jasho kwa saa sita katika jua la Dodoma anaweza kuishiwa maji na chumvi haraka kuliko mwenzake. Nyingine hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, kiasi kwamba saa ya mkononi inayopima mapigo haitakuambia ukweli kuhusu unavyojituma. Usiache dawa wala usipunguze dozi kwa uamuzi wako. Muulize daktari mambo matatu: kama moyo wako unaruhusu mazoezi ya muda mrefu, kama dawa yako inafaa kwa joto, na kiasi gani cha chumvi unaruhusiwa kutumia siku za safari. Omba pia upimwe wingi wa damu, kwa sababu wanawake wengi huendesha wakiwa na upungufu wa damu na kudhani ni uvivu.

Daktari akikuruhusu, anza kufanya mazoezi kwa jozi za siku. Watu wengi hujiandaa kwa kufanya safari moja ndefu kila Jumapili, kisha hupumzika wiki nzima wakijisifu kwa umbali waliofika. Mazoezi hayo humwandaa mtu kwa safari ya siku moja. Wewe unahitaji Jumamosi na Jumapili zinazofuatana, ili mwili ujifunze kufanya kazi ukiwa bado na uchovu wa jana. Wiki ya kwanza endesha kilomita 25 Jumamosi na 20 Jumapili. Kila wiki ongeza kama sehemu moja ya kumi, na kila wiki ya nne punguza hadi theluthi mbili ili misuli na kano zipate nafasi ya kujijenga. Usiiruke wiki hiyo ya kupunguza hata ukijisikia una nguvu, kwa sababu misuli huimarika upesi na kano huchelewa, na maumivu mengi ya goti ninayoyatibu hutokana na tofauti hiyo. Kwa mwendo huo, mwezi Juni unaweza kuwa kwenye kilomita 70 na 60, na Agosti 100 na 80. Katikati ya Septemba omba ruhusa ya siku moja ya kazi ufanye siku tatu mfululizo, kwa mfano 110, 100 na 80. Ukiweza hizo ukaamka siku ya nne ukitembea kawaida, uko tayari. Siku kumi za mwisho punguza sana, ulale vya kutosha, na usijaribu kufidia mazoezi uliyoyakosa.

Safari zako za kila siku za kwenda kazini ziendelee, nazo zihesabike. Ongeza siku mbili kwa wiki za mazoezi ya nguvu nyumbani, ya kuchuchumaa na kusimama polepole na ya kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka kama ubao, kwa kuwa kiuno dhaifu ndicho huuelemea mgongo baada ya saa tatu. Kuhusu kasi, kipimo chako kiwe mazungumzo: kama huwezi kumaliza sentensi nzima bila kuvuta pumzi, umezidisha. Tumia gia nyepesi na miguu izunguke upesi, kama mara 80 kwa dakika. Kukanyaga gia nzito kwa nguvu huonekana ni ushujaa, lakini siku ya tatu magoti hudai.

Sasa niseme juu ya baiskeli, na hasa siti, kwa kuwa hapa ndipo wengi huishia. Baiskeli yako ya mtumba inafaa. Sioni sababu ya kukopa fedha ununue nyingine. Mpelekee fundi anayeaminika aikague fremu kama ina ufa, akaze spoku na kunyoosha ringi, abadilishe gololi zilizokwisha, cheni, na nyaya za breki. Matairi yenye meno makubwa yaondoe uweke yasiyo na meno na membamba kidogo, kwa kuwa yale ya meno huula mwendo wako kwenye lami kutwa nzima bila wewe kujua. Badiliko hilo moja la bei ndogo litakusaidia kuliko baiskeli mpya. Fanya yote haya kabla ya Juni, ili uwe umekizoea kila kitu kabla ya safari.

Urefu wa siti unapimwa hivi: kaa juu ya baiskeli ukiegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, mguu unapaswa kunyooka bila kiuno kuinama upande mmoja. Ukikanyaga kwa sehemu ya mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Likiuma nyuma, mara nyingi iko juu mno. Upana wake pia unapimika. Chukua kipande cha boksi lenye mawimbi, kiweke juu ya ngazi ya saruji, kikalie ukiinama mbele kidogo kwa dakika moja, kisha simama. Utaona mashimo mawili madogo yaliyoachwa na mifupa ya makalio. Pima kutoka katikati ya shimo moja hadi katikati ya jingine, kisha tafuta siti inayozidi kipimo hicho kwa kama sentimita mbili. Wanawake wengi wana mifupa iliyoachana zaidi, na siti nyingi za mtumba zilitengenezwa kwa kipimo cha mwanamume. Wala usidanganywe na siti nene laini kama godoro. Ndani ya saa moja utaisifu, na ndani ya saa nne mifupa itakuwa imezama huku sponji ikibana mahali pasipostahili kubanwa.

Vaa bukta ya baiskeli yenye pedi, moja kwa moja juu ya ngozi bila nguo nyingine ya ndani, kwa sababu mishono ya nguo ya ndani ndiyo huchubua. Ukipenda stara, vaa juu yake suruali pana inayobanwa kifundoni au sketi fupi ya michezo. Nimewaona akina mama wakiendesha hivyo hadi mwisho bila tabu, mradi kitambaa kisifike kwenye cheni. Paka mafuta ya mgando mahali panaposuguana, na ukifika kituoni oga mara moja ubadili nguo kabla ya hotuba na kabla ya chakula. Ukipata kipele, kioneshe siku hiyohiyo kwa mhudumu wa afya. Kipele cha jioni kilichofichwa kwa aibu huwa jipu siku ya tatu, na nimewarudisha nyumbani watu watatu wenye mapafu na miguu ya chuma kwa sababu hiyo tu.

Mikono nayo usiisahau. Katika msafara mmoja palikuwa na kijana hodari aliyeongoza kundi siku mbili mfululizo. Asubuhi ya tatu niligonga mlango wa chumba chake katika nyumba ya wageni, nikamkuta amekaa kitandani, shati liko wazi, akijaribu kukipitisha kifungo cha pili kwenye tundu lake. Kidole kidogo na cha jirani yake havikumtii. Alikuwa ameegemeza uzito wake wote kwenye viganja kwa kilomita mia tatu, na mshipa wa fahamu unaopita upande huo wa kiganja ulikuwa umebanwa. Nilimfungia vifungo, nikampandisha usukani kwa sentimita tatu, nikamwamuru abadilishe mkao wa mikono kila baada ya dakika chache, na siku hiyo nikampakia kwenye gari pamoja na mizigo. Vidole vilirudi kamili baada ya wiki kadhaa. Ganzi ya mikono itolee taarifa mapema, ukiwa bado mazoezini. Mara nyingi maana yake ni kwamba usukani uko chini mno au pua ya siti imeinamia mbele.

Katika maji na chakula, jambo la kwanza ni kuijua hali yako mwenyewe. Siku moja ya mazoezi yenye joto, jipime uzito kabla ya kuondoka, endesha saa moja bila kunywa wala kwenda haja, kisha jipime tena ukiwa umejifuta jasho. Kila kilo uliyoipoteza ni kama lita moja ya jasho, na kiasi hicho ndicho cha kuanzia kupanga maji yako. Huna haja ya kulirudisha lote ukiwa barabarani. Hatari nyingine, ambayo wengi hawaijui, ni kunywa kupita kiasi: mtu anayekunywa maji matupu lita kwa lita hadi uzito wake unazidi wa asubuhi hupunguza chumvi ya damu, akaumwa kichwa, akatapika, na akichelewa anaweza kupoteza fahamu. Kunywa unaposikia kiu, kidogo kidogo, na chupa moja kati ya mbili iwe na sukari na chumvi. Kipimo cha nyumbani unakijua kwa wanafunzi wako wanaoharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Kwa hali yako ya shinikizo la damu, idadi ya chupa hizo kwa siku aipange daktari.

Kula kabla ya kuona njaa. Kila saa mwili unahitaji kama gramu 30 hadi 60 za wanga. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama gramu 25, hivyo ndizi mbili kwa saa, au ndizi na kipande cha kashata, au kiazi kitamu kilichochemshwa chenye chumvi kidogo, vinatosha. Asubuhi kunywa uji mzito mapema. Ndani ya nusu saa baada ya kushuka, kula kitu chenye wanga na protini, hata kama ni maziwa na mkate, kwa kuwa kinachokuinua asubuhi ya pili huliwa jioni ya kwanza. Usionje chakula kigeni njiani. Nyama ya kuchoma ya kituo cha mabasi iache hadi siku ya kurudi.

Oktoba katika Dodoma na Singida ni kipindi cha joto na vumbi. Upepo wa huko mara nyingi hutoka mashariki na kusini mashariki, kwa hiyo utakusukuma mgongoni, na hilo huwafurahisha wengi bila kujua kwamba upepo wa nyuma hukunyima ule ubaridi wa kupulizwa usoni. Utakwenda upesi huku mwili ukichemka. Mimina maji kichwani na shingoni, na zoea joto kwa kufanya baadhi ya mazoezi ya Septemba saa za jua kwa kuongeza muda taratibu. Mwenzako akianza kujibu visivyo, au kuyumba, usimwulize kama anaweza kuendelea. Mweke kivulini, mvue nguo za juu, mwagie maji na mpepee, na gari la wagonjwa liitwe wakati mnampooza. Kumpooza hakusubiri gari.

Barabarani, kipande cha Chalinze hadi Morogoro unakijua kwa wingi wa malori. Lori likikupita kwa kasi, upepo wake kwanza hukusukuma nje, kisha hukuvuta ndani. Shika usukani kwa mikono yote miwili na ulegeze viwiko. Kaeni mstari mmoja, anayeongoza apige kelele ya shimo na kuonesha kwa mkono, na asiwepo wa kusikiliza muziki masikioni. Kofia ngumu na taa nyekundu ya nyuma ni lazima hata mchana. Baada ya Singida mtateremka mlima Sekenke kabla ya Shelui. Mteremko huo una kona, na kosa la wengi ni kubana breki kidogo kidogo tangu juu hadi chini, jambo linaloipasha moto ringi mpaka tyubu ipasuke. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, acha ringi ipoe, kisha bana tena.

Nimefika kwenye madawati, ambayo ndiyo sababu ya yote haya. Watu wetu hawajachoka kutoa, Mwalimu. Wamechoka kutoa bila kuona mwisho wa fedha yao. Kwa hiyo tenganisha fedha tangu siku ya kwanza: gharama zako za safari, yaani matairi, malazi, chakula na ada, ziwe zako au za mfadhili aliyekubali wazi kukulipia wewe, fedha ya madawati isiguse hata pancha moja. Huko Marekani, jimboni Massachusetts, msafara wa Pan-Mass Challenge ulioanza mwaka 1980 kuichangia taasisi ya saratani ya Dana-Farber hufuata kanuni hiyo: mwendeshaji hulipa ada yake ya kujiandikisha, huahidi kiwango cha chini cha mchango, akikosa kukifikisha hukikamilisha mwenyewe, na kila kilichochangishwa na waendeshaji hupelekwa kwenye taasisi. Mchangiaji haulizi fedha yake imekwenda wapi kwa kuwa jibu liko wazi kabla hajatoa.

Pita kwanza kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, kikao kikubali kwa maandishi, na michango iingie kwenye akaunti ya shule au akaunti yenye watia saini wawili, wala si kwenye namba yako ya simu. Pata bei ya dawati moja kutoka kwa mafundi wawili au watatu wa seremala, kisha omba dawati. Mtu asiyeweza kutoa dawati zima aambiwe kwamba nusu dawati pia inapokelewa. Omba mara moja, kumbusha mara moja, na baada ya hapo peleka taarifa tu: picha ya mbao, picha ya fundi akipiga randa, orodha ya fedha iliyoingia. Wapo waliochanga kwa sababu ya taarifa ya tatu, baada ya kuyapuuza maombi mawili. Anza Mei, kabla kadi za harusi za mwisho wa mwaka hazijajaa mikononi mwa watu.

Nakuomba sana usikubali mtindo wa ahadi za shilingi kwa kila kilomita. Unavutia, nami niliwahi kuupenda. Lakini nilimwona mama mmoja akiendelea kukanyaga na goti lililovimba kwa sababu kila kilomita aliyoiacha ilikuwa fedha iliyopotea kwa watoto, na goti lile lilimchukua miezi mitano kupona. Michango yako iwe imekamilika au imeahidiwa kamili kabla hujaondoka, ili asubuhi ambayo mwili utakataa uweze kuingia kwenye gari la huduma bila kuhisi kwamba umemnyang'anya mtoto dawati.

Panga miadi ya daktari wiki hii. Akikuruhusu, Jumamosi inayofuata endesha zile kilomita 25, na Jumapili, kabla hujapanda tena, simama dakika moja kando ya baiskeli uandike kwenye daftari panapouma: kiganja, goti, kiuno au makalio. Niandikie hayo uliyoyaandika pamoja na kipimo cha mashimo mawili kwenye boksi, nami nitakuambia siti yako ipandishwe, ishushwe au ibadilishwe.